Mke Mwenza wa Koko Albertine

Enzi zetu, sisi tuliokulia Mangobo kabla pikipiki hazijazifukuza barabarani baiskeli za abiria, zile toleka zetu, mtoto hakuachwa awe mtoto tu. Alipewa cheo na majukumu yake. Mimi nilipofikisha miaka sita nilikuwa na mke mwenza. Yeye alikuwa na miaka hamsini na kitu. Hicho "kitu" sijaweza kukithibitisha hadi leo, kwa sababu kila nilipomwuliza alinijibu kwamba mke mkubwa hamtajii mke mdogo umri wake, maana mke mdogo atakwenda kuutumia vibaya.

Wa rika langu hawahitaji maelezo. Ila naandika nikijua kwamba baadhi yao sasa wana watoto wanaomwita nyanya yao mamie, wanamtumia moyo mwekundu kwenye simu, na wanadhani wametimiza wajibu. Kwa ajili ya hao naeleza. Katika familia yetu, kama katika nyingi za watu wa mto, mjukuu wa kike ni mke wa babu yake kwa utani. Kwa hiyo nyanya, ambaye sisi tunamwita koko, ni mbanda wake, yaani mke mwenza. Siku mtoto anapozaliwa, koko humtazama, husonya, na kutangaza kwamba mwizi wa mume amefika. Watu hucheka, chai hunywewa, na katika nyumba nyingi jambo huishia hapo. Katika nyumba yetu halikuishia hapo. Koko Albertine, mama mzaa baba yangu, hakuwa mtu wa kuanza kitu akakiacha katikati.

Aliligawa baraza. Upande wenye kinu ulikuwa wake, upande wenye pipa la maji ya mvua ukawa wangu, na mpaka ulipita kwenye ukuta wenye matundu ya risasi ambamo sisi watoto tulihifadhi vipande vya chaki. Aliligawa juma pia. Siku sita zilikuwa zake. Jumatano alasiri, baada ya shule, ilikuwa zamu yangu ya kumpikia mume. Niliwahi kulalamika kwamba mgawanyo huo haukuwa wa haki. Alinijibu: "Mbanda, we ulifika nyuma. Mwenye kufika nyuma anakula mifupa."

Mume wetu alikuwa Papa Anselme, babu yangu, fundi mstaafu wa injini za mashua. Injini hizo zilikuwa zimemwachia masikio nusu na utulivu ambao sijauona kwa mtu mwingine. Aliketi kwenye kiti kilichosukwa kwa mipira ya baiskeli, redio pajani, akingoja kulishwa. Nami kila Jumatano nilimpikia ndani ya kopo tupu la nyanya. Lituma yangu, ambayo kwa watu wengine ni makemba, zile ndizi za kupika, yaliyochemshwa na kutwangwa mpaka yakawa donge zuri la manjano, ilikuwa udongo wa kando ya mfereji. Pondu yangu, yaani kisamvu, ilikuwa majani ya mpapai. Samaki alikuwa jani kavu la mgomba, nililokunja kwa uangalifu mkubwa ili apate mkia. Papa Anselme alivaa miwani, akalisogeza kopo karibu na pua, akatafakari kwa muda ambao hata leo naona ulikuwa wa kutosha, kisha akatoa hukumu yake, ambayo haikubadilika kwa miaka minne.

"Chumvi iko kidogo," alisema.

Mimi niliona hayo kuwa makosa yangu. Koko Albertine aliona kuwa njama. Asubuhi moja alifunga kitenge, akanishika mkono, akanipeleka kwa jirani yetu Mama Salima kunishtaki. Mama Salima alikuwa mwanamke wa Kiislamu kutoka Kindu, mkaanga mikate, na Koko alimchagua kuwa hakimu kwa sababu, alisema, dini ya mwenzake inaruhusu wake wanne, donc mambo ya mbanda anayafahamu. Mama Salima, aliyekuwa mke pekee wa mwanamume mwenye haya nyingi, hakukataa cheo hicho. Aliupungia moshi wa mafuta kwa kawa, akatandika mkeka.

"Nasikia," alisema.

"Docteur aliniambia bwana yangu apunguze chumvi, sababu ya presha," Koko alieleza. "Mi nilijikaza, sikupunguza. Sasa huyu mutoto anamupikia chumvi kidogo. Nani alimuambia? Anatafuta kunipita mbele ya docteur."

"We mutoto, ni kweli?"

Nilisema kwamba sikutia chumvi yoyote, kwa kuwa ulikuwa udongo.

"Munasikia," Koko alisema. "Hata haya hana."

Nilihukumiwa kuchambua majani ya pondu kwa siku mbili. Yeye, kwa kosa la kumficha mume maneno ya daktari, alihukumiwa kunisuka nywele. Alitekeleza hukumu hiyo kwa ukamilifu uliopita kiasi: alivuta kila uzi mpaka macho yangu yakakataa kufumba, na alipoulizwa na mama yangu, alisema ni lazima uso wa mbanda uonekane wote, ili bwana aone vile iko mubaya.

Huo ndio uliokuwa mwendo wa siku zetu. Tulicheza nzango mpaka vumbi likafika magotini, tukipiga makofi na kurusha miguu kwa mpigo ambao wasichana wa sasa wanautazama kwenye skrini wakiwa wamekaa. Tulikimbilia mvua ya kwanza na masufuria. Msimu wa viwavi ulipofika tulikula mbinzo wa kukaangwa kutoka kwenye karatasi ya daftari, na wino wa hesabu za mtu ukabaki vidoleni. Na katikati ya raha hizo zote, sauti ilivuka baraza: mbanda, rudi, bwana yako anaangalia ukuta. Nikarudi. Nilikuwa mke.

Darasa la pili mwalimu alitutaka tuorodheshe watu wa nyumbani, kila mmoja na sifa yake. Niliandika, kwa Kifaransa kile cha kunyoosha ulimi, kwamba nina baba mmoja, mama mmoja, kaka wawili, na mke mwenza mmoja, mkorofi. Koko aliitwa shuleni. Alikuja amevaa kitenge chake cha bluu, kile cha Pasaka, akaketi kwenye dawati la mtoto huku magoti yakimgusa kidevu, akaomba asomewe. Mwalimu alisoma. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea, kama mama mzazi alikuwa na habari ya maneno hayo.

"Maître," Koko alisema, "hapo kuna kosa moja. Mkorofi si mi, ni yeye. Sahihisha."

Mwalimu alitutazama sisi wawili kwa zamu. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akakata neno, akaandika juu yake "mvumilivu". Daftari hilo ninalo. Nimelichunguza mara nyingi kuliko vitabu vingi vya sheria, na bado sielewi mtu mzima, mwenye cheti cha serikali, aliwezaje kushawishika. Lakini alishawishika, na niliyepunguziwa alama ni mimi.

Na usidhani ugomvi huu ulikuwa baridi. Niliposhikwa na malaria kali, mwaka ule nilipokuwa darasa la tatu, kila mtu nyumbani alinong'ona. Yeye hakunong'ona. Aliketi ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji, akaniambia: "Sikia, mbanda. Ukikufa, mutaa muzima watasema ni mi nilikuloga. Mke mukubwa ndiye wa kwanza kushukiwa. Miaka yote nimejenga jina, we unataka kulivunja kwa homa tu? Fungua kinywa." Nilifungua. Nilipona, nadhani, kwa kuona aibu kumharibia.

Ninapotafuta mahali nilipokosea, na kwa kazi yangu mimi ni mtu wa kutafuta hivyo, sipati siku moja. Nilipofaulu mtihani wa taifa alinimwagia poda kichwani, kama ilivyo ada kwetu, akawatangazia majirani kwamba amenisomesha ili nikae mbali na nyumba yake. Niliingia chuo kikuu, nikasoma sheria, nikaendelea na masomo ya juu. Sasa naandika tasnifu kuhusu migogoro ya mirathi. Kazi hiyo inamfundisha mtu kupima neno kabla ya kulitoa, na neno lililopimwa sana hupoa. Nilirudi nyumbani mwisho wa juma, akanirushia tusi zuri kabisa kutoka upande wa kinu, tusi la kutengenezwa kwa siku tatu, nami nikamjibu: "Shikamoo, Koko. Habari za afya?" Nilidhani nimekua. Yeye alimgeukia Mama Salima, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya utani: "Siku hizi mbanda anaongea kama barua."

 Nilitabasamu. Nina hakika kwamba nilitabasamu, na ni jambo ninalotamani lingekuwa na shaka.

Koko Albertine alifariki miezi minane iliyopita, Jumanne asubuhi, baada ya siku chache za ugonjwa ambao sisi sote tuliuita uchovu. Mimi nilikuwa maktaba nikinakili tanbihi.

Siku ya tatu ya matanga, turubai likiwa limefungwa kutoka kwa paa letu hadi la Mama Salima na viti vya plastiki vya parokia vimejaa watu, shemeji za Papa Anselme waliingia kutoka Yanonge. Walikuwa wamepanda mto kwa mashua kubwa ya mbao, baleinière, na waliiacha bandarini ikiwa tupu katikati. Nafasi ile ya katikati ilikuwa na urefu wa sanduku la maiti. Kiongozi wao alikuwa Noko Gaston, mdogo wake Koko. Kwetu noko ni mjomba, ndugu wa mama, na mbele yake mpwa hanyanyui sauti, hata awe na mvi. Hakuketi. Alisema kwamba wazee wa Yanonge wamemtuma amrudishe dada yake akalale kwa baba yake.

Yafaa nieleze kwa usahihi tatizo lilikuwa nini, kwa sababu siku ile kila mtu aliliona na hakuna aliyeweza kulitaja. Papa Anselme ana zaidi ya miaka themanini na nyonga iliyooza. Hawezi kukaa kwenye mashua hata saa moja, sembuse siku nzima. Koko akizikwa Yanonge, babu yangu asingelifika kaburi la mkewe maisha yake yote yaliyobaki. Na hakuweza kusema hivyo. Kwa desturi yetu, mwanamume aliyefiwa na mke hafungui kinywa mbele ya shemeji zake mpaka wao wenyewe wamfungulie. Baba yangu na shangazi yangu, Tante Béa, hawakuweza kusema pia, kwa kuwa aliyesimama mbele yao alikuwa noko. Walibaki wajukuu. Mjukuu ndiye mwenye ruhusa ya kutania msibani, kuvaa viatu vya marehemu, kuziba njia ya jeneza, kumwambia mkwe neno ambalo mwingine angelilipia mbuzi.

Alfajiri, kabla mashua haijafika ila habari ya madai yao imekwisha kutufikia, Papa Anselme alikuwa ameninong'oneza, na kwa masikio yake kunong'ona ni sauti ya kawaida ya watu wengine: "Mi siwezi kufika Yanonge. We utawaambia."

Basi nilijiandaa. Katika hali ya mshtuko watu wengine hulia. Mimi niliandika kurasa saba. Zilikuwa na hoja kuhusu makazi ya kudumu ya marehemu, matakwa ya mwenzi aliyebaki, mila zinazogongana na namna ya kuzipatanisha. Nilizitoa nakala tatu. Nilisimama mbele ya jeneza, nikasafisha koo, nikaanza: "Waheshimiwa wakwe zetu, kwa mujibu wa kanuni zinazotawala..."

Noko Gaston alivumilia hadi ukurasa wa pili. Kisha aliinua mkono, kwa adabu, kama mwanafunzi.

"Mujukuu, hizi makaratasi, ulimusomeaka dada yangu akiwa muzima?"

"Hapana, Noko."

"Angelisikiliza?"

Nilifikiri. "Hapana."

"Alors hata mi usinisomee. Hapa ni matanga, haiko tribinali."

Watu walicheka, si kwa ubaya. Akawapa ishara vijana wake wanne. Waliinama, wakashika vishikio, jeneza likainuka. Nilimtazama Papa Anselme. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na miguu imenyooka mbele kama ya mtoto, kinywa kimefungwa, macho yake yakifuata lile sanduku kama yalivyokuwa yakifuata mashua alizozitengeneza zikiondoka. Kurasa zangu zilikuwa zimelowa mkononi.

Sikupanga kusema nililosema. Nimejaribu kurudisha nyuma mnyororo wa mawazo na sikuti wazo lolote, naona tu hasira. Nilimkasirikia Noko Gaston, nikaikasirikia mashua, lakini zaidi ya wote nilimkasirikia yule aliyekuwa ndani ya sanduku akiniachia neno la mwisho lililokuwa "Habari za afya".

"Bon," nilisema. "Mumupeleke."

Vijana walisimama.

"Mumupeleke mbali kabisa. Miaka makumi tatu huyu mwanamuke ananisumbua katika nyumba yangu. Ananipa Jumatano moja, yeye anakula siku sita. Ananivuta nywele. Mwalimu anaandika yeye ndiye muvumilivu. Leo ameondoka, niko na furaha. Mumubebe mbio, mvua isije ikawarudisha. Bwana anabaki wa mi peke yangu. Kinu ni changu, upande wote wa baraza ni wangu, na ile kitenge yake ya bluu nitaivaa Jumapili, nipite nayo katikati ya kanisa, polepole."

 Kwaya, iliyokuwa ikivuta wimbo chini kwa chini, iliuacha katikati. Tante Béa alinishika mkono wa juu kwa nguvu iliyoacha alama. "Umefanya nini, mutoto? Umewapa ruhusa." Na alikuwa sahihi, hilo ndilo lililonigandisha. Kama mtu wa sheria niliona wazi kwamba nilikuwa nimetumwa kutetea upande wangu, na badala yake nimekubali madai yote ya upande wa pili, hadharani, mbele ya maiti, na kuongeza kitenge.

Noko Gaston aligeuka polepole.

"Munamusikia huyu?" aliwauliza wanawake wazee aliokuja nao.

"Tunasikia," mmoja alisema. "Mbanda anashangilia."

"Hana haya," alisema mwingine. "Kitenge cha bluu."

"Na kinu," alisema wa tatu, kwa uchungu wa kweli.

"Mi nitoe dada yangu hapa," Noko Gaston alisema, akinikaribia, "nyumba alikaa miaka zaidi ya makumi tano, nimupeleke Yanonge, ili huyu wa kupikia watu udongo kwa kopo apate nafasi? Avae vitu vyake? Amurudishe bwana kuwa mupya?" Aliwatazama vijana wake kana kwamba wao ndio waliopendekeza. "Muweke chini. Dada haendi popote. Atazikwa hapa hapa, karibu, awe anakuchunga, we mbanda. Kila kitu utafanya, ataona."

Jeneza lilishuka. Wanawake wa Yanonge walipiga vigelegele vya ushindi, wakinielekezea vidole, na mmoja wao, bibi mwembamba ambaye sijapata kumjua jina, alinisogelea akanitukana kwa ufasaha mkubwa mno kwa niaba ya marehemu. Nililia hapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, nikiwa natukanwa. Ilinifaa sana.

Noko Gaston alichukua kikombe cha maji, akamlowesha Papa Anselme midomo, na hivyo akamfungulia kinywa. "Shemeji," alimwambia, "sasa unaweza kusema. Unasema nini?"

Papa Anselme alifikiri kwa muda ule wake. "Mi?" alisema. "Mambo ya wanawake wawili, mi siingiliaka."

Tulimzika mchana ule, kwenye makaburi ya upande wa barabara ya Bengamisa.

Niliwasindikiza watu wa Yanonge hadi bandarini. Ile nafasi ya katikati ya mashua walikuwa wamekwisha kuijaza mikungu ya makemba, magodoro mawili na mbuzi aliyekuwa akiutazama mto kwa wasiwasi. Nilimwomba Noko Gaston radhi kwa maneno yangu. Aliniangalia kama mtu anayemtazama mwanafunzi aliyefeli mtihani mwepesi.

"Mi sikutaka kumubeba," alisema. "Niliona ile nyonga ya shemeji toka zamani. Lakini wazee walinituma, siwezi kurudi mikono mitupu bila sababu. Nilifika natafuta sababu, we unanisomea makaratasi. Nitarudi Yanonge niwaambie wazee nini, paragrafu? Sasa nitawaambia mbanda alishangilia. Hakuna mutu atauliza tena."

Alipanda. Nilibaki ukingoni nikiwa na kurasa saba, nakala tatu, na maswali ambayo bado sijayajibu. Kama alijua tangu mwanzo, je, alinikatiza ukurasa wa pili ili kunikasirisha? Na kama hasira yangu ilikuwa ya kweli, je, bado ulikuwa utani? Niliwahi kumweleza msimamizi wa tasnifu yangu kisa hiki chote, kwa matumaini ya kupata mwongozo. Alisema kinavutia, na akanishauri nisikiingize kwenye tasnifu.

Najua kinachosemwa kuhusu watu wa rika letu: kwamba tunaisifu jana kwa sababu leo imetushinda. Pengine. Lakini juzi nilimjaribu binti wa kaka yangu, ana miaka saba. Nilimwambia kwamba Papa Anselme ni mume wetu sote wawili na Jumatano ni zamu yake. Aliondoa macho kwenye simu ya mama yake, akanitazama kwa huruma, akaniambia, kwa Kifaransa safi kuliko changu, kwamba haiwezekani, ni babu. Yuko sahihi. Atafaulu mitihani yote, na nyumbani kwake hakuna mwanamke yeyote atakayemwonea wivu akiwa na miaka saba.

Mimi nilionewa wivu. Niliamka kila siku nikijua kwamba upande wa pili wa baraza kuna mtu anayehesabu nilichovaa, nilichopika na nilichosema, kwa hofu kwamba nitamshinda. Siku hizi chuoni wananiita chère collègue, mwenzetu mpendwa, na hawajui nimevaa nini.

Kila Jumamosi mimi humpeleka Papa Anselme makaburini. Yeye hukataa pikipiki, humtafuta kijana mmoja kati ya wachache waliobaki na toleka, huketi nyuma kwenye sponji, nami nafuata kwa miguu, kwa kuwa mwendo wao hauzidi wangu. Tukifika langoni hunizuia. "We baki hapa," husema. "Mukikutana, itakuwa makelele."

Basi mimi hubaki nje, chini ya jua, na kwa sababu ya masikio yake nasikia kila neno. Humpa mkewe habari zangu. "Albertine, ule mutoto amehamisha kinu chako. Ule mutoto amechelewa kanisani. Jana tena ameunguza makemba, nyumba yote inanuka." Majuma ya kwanza nilikuwa nasimama pale nikisahihisha moyoni: kinu hakijaguswa, kanisani nilifika kabla ya kengele, na makemba yangu hayakuwahi kuungua. Zamani nilipelekwa mbele ya mkeka, mshtaki wangu akanitazama usoni, nikajibu. Sasa nashtakiwa nikiwa nje ya lango, bila nafasi ya kujitetea, na mwenye kushtakiwa hivyo amebakiwa na kitu kimoja tu anachoweza kukifanya. Ijumaa iliyopita nilikiweka kinu upande wa pipa, nikatia makemba jikoni, nikakaa kuyatazama mpaka yakawa meusi, ili mzee asiwe shahidi wa uongo.